Malalamiko juu ya Kambere wa Rughenda, Aliyeacha Kunibishia

Beni, Jumatatu ya mvua

Kwa Ndugu Siméon,
Administrateur wa kundi la "Tubishane kwa Heshima, Butembo–Beni"

Jambo: Mwanakundi anayenikubalia

Ndugu Administrateur,

Nakuandikia kwenye karatasi na si kwenye simu, kwa sababu jambo hili ni zito, na kwenye simu ungenijibu kwa kidole gumba. Hunijui kwa uso. Katika kundi unanijua kwa jina la "Mpima Haki". Jina langu ni Benoît, mtu wa Kikwit, na Serikali ilinituma Beni kufanya kazi katika bureau ya cadastre, yaani tunapima mashamba na viwanja vya watu. Umeshanionya zaidi ya mara moja juu ya ukali wa maneno yangu, nami nilipokea. Safari hii si mimi niliyekosa.

Ninamshtaki Kambere, anayejiita "Muluofu Halisi", muuzaji wa viazi, mkaaji wa Rughenda kule Butembo, karibu na uwanja wa ndege. Kosa lake ni kwamba ananikubalia.

Nimezisoma tena sheria za kundi ulizoandika wewe mwenyewe. Zinakataza matusi, picha za maiti, na matangazo ya dawa za wanaume. Hazina neno hata moja juu ya mtu anayekubali kupita kiasi. Ni pengo, nami kwa unyenyekevu naomba ulizibe.

Lakini kwanza uelewe hali yangu. Kazini watu wanabishana mbele yangu tangu asubuhi. Huyu anasema mti wa avoka ulikuwa upande wake, yule anasema mti ulihama. Mimi nimekatazwa kuwa na upande. Nashika kamba ya kupimia na kunyamaza, na kunyamaza siku nzima kunachosha kuliko kulima. Nikitoka, Beni inafunga milango mapema; sababu unazijua. Mke wangu Josée alibaki Kikwit na watoto. Basi jioni nilikuwa na simu, na ndani ya simu nilikuwa na Kambere.

Hatukuwahi kupatana tangu siku ya kwanza. Siku hiyo niliandika kwamba kiazi si chakula, ni kitu cha kusindikiza chakula, maana kwetu chakula ni foufou ya muhogo. Niliandika bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kwamba mvua ni maji. Sikujua kwamba kundini kuna mtu aliyezaliwa Luofu, katikati ya mashamba ya viazi. Alinijibu kabla sijaweka simu chini. Alianza kwa kusahihisha Kiswahili changu, ambacho wakati ule kilikuwa na Kikongo pembeni na Lingala katikati, kisha akasahihisha akili yangu. Ikawa hivyo kila siku: kwanza neno, halafu wazo. Hiki Kiswahili unachosoma hapa nilifundishwa na mtu huyo kwa ugomvi.

Tulibishana juu ya kila kitu. Yeye alisema simu iliyochajiwa na plaque ya jua, ile inayowekwa juu ya bati, inakuwa na internet ya polepole, na jua likizama inasinzia kama kuku. Mimi nikasema umeme ni umeme. Nikasema Serikali ipo na inafanya kazi. Yeye akasema Serikali ni kama yule motard wa pikipiki anayekuambia yuko njiani huku unamsikia anaoga. Nikasema mtu akila avoka jioni anaota vibaya, jambo lililothibitishwa na shangazi yangu. Yeye akasema shangazi yangu apelekwe akapimwe malaria.

Kuna jioni moja ambayo sitaki kuitaja, lakini bila hiyo hutaona uzito wa shauri langu. Milio ya risasi ilisikika kutoka mtaa wa jirani, nami nilikuwa nimelala sakafuni, chini ya meza. Niliandika kundini: "Huku kwetu si pazuri." Watu wengi walituma alama za mikono ya kuomba, na ninawashukuru hadi leo. Kambere hakutuma mikono. Aliandika: "Donc unakubali kiazi ni chakula?" Nikamjibu hapana. Akauliza kwa nini. Nikamweleza. Akakataa. Nikaeleza zaidi, naye akakataa zaidi, hoja juu ya hoja, hadi nilipokuja kusikiliza tena nje palikuwa kimya, na mimi nilikuwa nimekasirika vibaya juu ya viazi. Mtu aliyekasirika juu ya viazi hana nafasi ya kuogopa kitu kingine. Sikumwambia asante. Haikuwa desturi yetu.

Huyo ndiye mtu niliyenyang'anywa. Sasa malalamiko yenyewe.

1. Alinikubalia bila kunionya. Ilikuwa baada ya ibada ya Jumapili. Niliandika kwamba barabara ya Beni–Butembo si mbaya kama watu wanavyosema, inataka tu dereva mwenye subira. Ndugu Administrateur, ni neno ambalo mtu yeyote mwenye mgongo angelipinga. Mimi mwenyewe nilikuwa naona aibu wakati wa kuliandika, lakini nililiandika kwa ajili yake, kama unavyomwekea mgeni kipande kizuri cha nyama. Akajibu: "Papa Benoît, uko na haki." Basi. Hakusahihisha hata neno. Nikamwandikia pembeni, mbali na kundi, nikiuliza ni nani aliyeiba simu hii. Akajibu: "Ni miye. Amani kwako."

2. Alikubali kitu pamoja na kinyume chake. Nilitaka kuhakikisha, maana kazi yangu ni kupima. Niliandika kwamba kila kuku apewe kitambulisho na ofisi ya commune, ili wizi upungue. Kambere akasema ni kweli kabisa. Kesho yake niliandika kwamba kuwapa kuku vitambulisho ni dharau kwa raia ambao wenyewe wanavisubiri. Kambere akasema ni kweli kabisa. Nikakaa na simu mkononi, nikaona sina njia nyingine. Nikaandika: "Viazi vya Luofu ni maji yaliyovaa ganda." Simu ikaonyesha kwamba anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena kwamba anaandika. Ikaacha. Mwishowe likaja hili: "Kila mutu na mawazo yake." Jioni ile sikula.

3. Jambo la tatu nilikuwa nimeliandika vizuri sana, lakini nilipomsomea Josée kwa simu alisema linanuka wivu. Nimelifuta. Namba nimeiacha ili ujue kwamba lilikuwepo.

4. Aliambukiza kundi lote. Wewe mwenyewe uliona. Watu walipoona hata Muluofu Halisi anaitikia, nao wakaanza kuitikia. Asubuhi ni maua, mchana ni maua, jioni ni "amina". Ndipo yule kijana Précieux, anayetengeneza simu sokoni, akaandika kwamba ukipaka betri ya simu kitunguu saumu unapata réseau ya kupigia hata bondeni. Zamani Kambere angemmaliza kwa sentensi moja. Safari hii alijibu: "Asante kwa kutufundisha." Matokeo yake, mwenzangu Luc wa bureau alipaka simu yake, akapaka na ya chef, na sasa watu wanaokuja kupimiwa viwanja wanauliza kama tumefungua restaurant. Réseau haikuongezeka. Niliandika kundini kwamba huo ni upuuzi, na kila mtu, akiwemo Précieux, akaniambia niko na haki.

5. Alinipokea kwake kwa amani. Nilipoona mambo yamefika hapo, niliomba ruhusa kwa chef kwa sababu za kifamilia, nikapanda gari kwenda Butembo kumwuliza mtu huyu ana kwa ana. Nilipitia barabara ile niliyoisifu. Sitasema zaidi juu yake. Pale Rughenda niliuliza nyumba ya Kambere wa viazi, nikaonyeshwa ua uliotandikwa bâche, lile turubai la sherehe, viti vimepangwa, akina mama wanapika, na harufu nzuri kila upande. Mwenye nyumba, Mama Thérèse, alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye kiti chenye mto, akaniuliza safari. Nikasema ilikuwa nzuri. Akasema ni kweli. Nikasema hapana, ilikuwa mbaya. Akasema ni kweli. Nikaanza kuogopa.

Kisha akatoka Kambere. Nilikuwa nimemfikiria mtu mrefu mwenye sauti ya spika. Ni mtu mfupi, siku ile alikuwa na tai, na sauti yake ni laini kama ya msoma Zaburi. Nilipomwambia mimi ni Benoît wa Beni, alinikumbatia. Nilikuwa nimeandaa hoja tangu Beni, na mtu akikukumbatia hujui uziweke wapi.

Alinipeleka nyuma ya nyumba, karibu na magunia, akanieleza kwa sauti ya chini. Binti yake Tamar ameposwa na kijana anayeitwa Jordy, wa familia ya Mutwanga. Upande wa kijana, atakayesema neno la mwisho ni baba yake mkubwa, Onésime, mkulima wa kahawa. Jordy alimnong'oneza Tamar kwamba mzee huyo yumo ndani ya kundi letu, anasoma kila kitu, lakini chini ya jina gani hata Jordy hajui. Mama Thérèse aliposikia hivyo, alimketisha mume wake na kumwambia kwamba mpaka wakwe watakapokuja na kuondoka, kila mtu ndani ya ile simu ni mkwe.

"Donc niliitikia kila mutu," Kambere aliniambia. "Ningefanya nini? Mukwe anaweza kuwa nani, sijue. Anaweza kuwa hata weye."

Nikamuuliza: hata Précieux wa kitunguu saumu? Akasema hata Précieux. Tena yeye mwenyewe alipaka simu yake, mkwe asije akamuuliza kama amejaribu. Alinipa niinuse. Na ugeni wenyewe ulikuwa siku ileile. Akaniomba nikae, nile, na nisiguse jambo lolote kati ya siasa, afya, simu na viazi. Nikamuuliza kinachobaki ni nini. Akafikiri muda mrefu, akasema hali ya hewa, lakini taratibu.

6. Alibishana na mtu mwingine mbele ya macho yangu. Hili ndilo lililoniumiza, kwa hiyo nitalieleza lote.

Wakwe walifika na pickup. Mzee Onésime ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye kofia ya sufu ambayo aliivua na kuiweka kitini kando yake. Baada ya maombi na kusalimiana, alianza mazungumzo. Alisema Butembo ina vumbi jingi. Kambere akasema ni kweli. Akasema lakini vumbi la Butembo si kitu ukilinganisha na la zamani. Kambere akasema ni kweli. Akasema vijana wa siku hizi wanajua simu kuliko wazee, kisha akasema hawajui kitu. Vyote vikawa kweli. Mama Thérèse alisimama mlangoni na sinia akitikisa kichwa kwa furaha kila neno lilipokubaliwa. Aliona posa inakwenda vizuri.

Mzee Onésime akaweka glasi chini.

"Huyu baba ninamusoma tangu kundi lilianza," alisema. "Alikuwa anabisha hata salamu. Juu ya ile, nilisema mutoto wa nyumba kama ile hatadanganywa na mutu. Nilimuambia Jordy: kwenda kule. Sasa leo ninakuta mutu wa kuitikia tu. Munatuficha nini? Mutoto iko na shida gani?"

Kambere alifungua mdomo, na nikaona wazi kwamba neno lililokuwa linakuja ni "ni kweli", kisha akaona litakavyosikika, akalimeza. Tamar, msichana mwembamba mwenye kitambaa cha njano, alikuwa anaangalia miguu yake. Jordy alikuwa anaangalia bâche. Mama Thérèse aliliweka sinia chini mlangoni. Na Mzee Onésime, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kupata jibu, akanyoosha mkono kutafuta kofia yake.

Mimi nilikuwa mgeni wa pembeni. Magotini nilikuwa na sahani ya viazi. Kazi yangu, kama nilivyokueleza, imenikataza kuwa na upande. Lakini niliiangalia ile shingo ya Kambere ndani ya tai, nikakumbuka sakafu ya nyumba yangu. Nikainua sahani, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu angesikia:

"Hii hapana iko chakula. Kwetu tunakulaka hii na banguruwe."

Kambere aligeuka polepole. Aliniomba kwa macho ninyamaze. Nikaongeza kwamba ni maji yaliyovaa ganda, na yale ya Luofu ndiyo yenye maji zaidi.

"Unapashwa kusema 'tunalisha banguruwe'," akasema Kambere, na sauti yake haikuwa tena ya Zaburi. "Vile weye unasema, unakaa ku meza moja nabo."

Kwanza neno. Nikajua sasa linakuja wazo. Kambere akasimama, akalegeza tai, akanijibu. Alisema mama yake alilea watoto wake wote kwa kiazi na hakuna hata mmoja aliyekua mjinga kiasi cha kusifu barabara ya Beni. Alisema kuku hana haja ya kitambulisho kwa sababu kuku, tofauti na Serikali, jioni anarudi nyumbani. Alisema kitunguu saumu ni cha sufuria. Alisema avoka haimfanyi mtu aote vibaya, ila shangazi kama wangu ndiye anayeweza kumfanya mtu aote vibaya. Yote aliyokuwa ameyameza tangu Jumapili ile aliyatoa pale, mbele ya wakwe, na mimi nilikaa nimeshika sahani, na sikumbuki kama tangu nifike mkoa huu niliwahi kujisikia vizuri namna ile.

Aliponyamaza kuvuta pumzi, tulisikia mtu anacheka. Ilikuwa Tamar. Mzee Onésime alikuwa amekwisha kukaa tena, kofia gotini.

"Sasa nimefika kwa Kambere," alisema. "Mais juu ya plaque ya jua, pale hapana. Pale ulikosea, tangu ile siku nilitaka kukuambia."

Kambere akamgeukia. Akasahau kwamba ni mkwe, au alikumbuka na haikumzuia. Walianza na plaque, wakaingia kwenye kahawa ya Mutwanga na viazi vya Luofu, kipi kimejenga nyumba nyingi, wakafika kwa wabunge, kama walazimishwe kutembea kwa pikipiki wakati wa mvua. Kati ya hoja na hoja posa ilikubaliwa. Nadhani ilikuwa kati ya wabunge na dawa ya kikohozi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Thérèse alikuja akaniwekea viazi vingine bila kusema neno, akaacha mkono wake begani kwangu kidogo.

Nafurahi kwa ajili ya Tamar na Jordy, naomba hilo liandikwe. Lakini, Ndugu Administrateur, mchana ule wote hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Nilijaribu kuingilia juu ya kikohozi, wakaniambia ngoja. Mimi niliyewasha moto nilikaa pembeni ya moto. Nilikula viazi. Nilivimaliza, nikaongeza. Kwa bahati hakuna aliyeona.

7. Ana shukrani. Hili ni kosa la mwisho na baya kuliko yote. Kambere alinisindikiza hadi penye magari, akinishika mkono njia nzima. Pale akaniambia:

"Papa Benoît, umesaidia mutoto yangu. Kuanzia leo siwezi tena kukubishia. Itakuwa ubaya mbele ya Mungu."

Nilimwambia haikuwa kitu. Nilimwambia nilisema vile kwa sababu ndivyo ninavyofikiri. Nilimwambia kwamba deni hilo, kama ni deni, alilipe kwa kunipinga. Akasema: "Uko na haki."

Tangu nirudi Beni, unaona mwenyewe yanayoendelea. Kila siku anabishana na Onésime, ambaye sasa anaandika kwa jina lake halisi na hakuna wa kumnyamazisha. Hoja anazotumia nyingine nazijua, ni zetu, zilizaliwa kwangu. Mimi nikiandika, napata "Asante, Papa Benoît." Juzi niliandika kwamba Butembo ina bandari na meli kubwa zinafika kila Ijumaa. Aliweka kidole gumba.

Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, naomba mambo yafuatayo.

Kwanza, sheria za kundi ziongezwe kifungu kinachokataza mwanakundi kumkubalia mtu mmoja mfululizo bila cheti cha daktari. Pili, itangazwe kwamba wema uliofanyika nje ya kundi hauna nguvu ndani ya kundi. Tatu, Mzee Onésime aombwe kurudi katika ukimya wake wa zamani, au atafutiwe mpinzani mwingine. Napendekeza Précieux, ambaye ana nafasi. Na kama yote hayo hayawezekani, basi nipewe ruhusa ya maandishi ya kuiudhi familia ya Kambere kiasi cha kufuta shukrani zao, lakini kiasi ambacho hakitafuta mwaliko wangu wa ndoa, kwa sababu kostimu iko kwa fundi na ameshakata kitambaa.

Sisemi haya kwa chuki. Kuna watu wanaohitaji nyumba yenye amani, na Mungu awape. Mimi nina nyumba yenye amani kupita kiasi. Nikiweka kijiko mezani nasikia sauti yake. Ndani ya nyumba kama hiyo, mtu anayekuandikia kila jioni kwamba umekosea ni mtu aliyekumbuka kwamba upo.

Nikikutegemea kwamba utalisoma shauri hili ukiwa umekaa na umekula, nakuaga kwa heshima. Unisalimie mama wa nyumbani na watoto. Uwasalimie wanakundi wote wa Butembo na Beni, wanaoandika na wanaosoma kimya, maana nimejifunza kuwaogopa hao wa pili. Umsalimie pia Précieux, ingawa sikubali.

Ni mimi,
Benoît, "Mpima Haki"
Cadastre, Beni

N.B. Kwetu kwenye cadastre hatupimi mpaka bila kumsikiliza jirani. Kwa hiyo, kabla ya kumpa motard barua hii, niliipiga picha na kumtumia Kambere, ajitetee. Amenipigia simu sasa hivi. Ameanza na Kiswahili changu. Anasema barua ina makosa ukurasa hadi ukurasa. Kisha amesema kwamba mashtaka yote ni uongo, kwamba yeye hajanikubalia hata siku moja tangu tujuane. Kila alipoandika "uko na haki", anasema, aliweka simu mezani na kumweleza Mama Thérèse kwa sauti kwa nini sina haki, hadi chakula kikapoa. Nikasikia Mama Thérèse nyuma yake akisema ni kweli, na kwamba amechoka, tena afadhali aniambie mimi mwenyewe. Basi ameniambia. Alianza na kuku, akapita kwenye bandari, unités za simu zikamwishia kabla ya kufika kwa shangazi, na sasa anaandika. Naandika mistari hii huku simu inalia kila mara. Anasema eti wema nilioufanya kwake ni kitu kimoja na ujinga wangu ni kitu kingine, na kwamba amechelewa tu kuona tofauti. Donc malalamiko yangu hayana msingi, tangu la kwanza hadi la saba, pamoja na lile la tatu. Na juu ya barabara, ukweli ni kwamba yeye ndiye mwenye haki. Naomba uichane barua hii, na tafadhali sana, usimwambie kwamba nimekubali.